Kibuyu cha Posa Kilichopanda Ndege

Mama alimpa Hedwiga vitu viwili kabla hajapanda ndege kwenda Tanga na Memsabu wake wa shamba la mkonge: ndimu ya kunusa asije akatapika, na kibuyu cha dengelua, pombe yetu ya miwa, kimejaa hadi shingoni. Kibuyu kilikuwa cha posa. Baba wa binti, Mzee Nathanaeli, Mpare aliyehamia Tanga, alikuwa amekwisha kusema, "Kikifika kimepungua, Tumainieli akaoe kwingine." Tumainieli ni kaka yake Hedwiga, na alikuwa Tanga tayari, anangoja ndani ya koti la kuazima.

Milima ya Upare ilipoanza kuyumba dirishani, Memsabu alikamata chupa yake ya wiski, akatafuta soda. Soda ilikuwa imebaki kiwanjani Same.

"Wiski tupu sinywi," alisema. "Na bila kunywa sisafiri. Rubani, geuza."

Rubani, aliyekwisha kumzoea, akalaza bawa.

Hedwiga aliona milima inarudi, na harusi ya kaka yake inarudi nayo kinyumenyume. "Memsabu, ngoja kwanza nikuchanganyie."

"Na nini?"

"Kitu cha kwetu."

Alichomoa kizibo cha majani ya mgomba. Povu likamrukia rubani kisogoni. Akamimina dengelua katika kifuniko cha chupa ya chai, akatia wiski, akakamulia ile ndimu ya kunusa, akakoroga kwa sindano ya Memsabu ya kufumia soksi.

Memsabu akaonja. Akalamba hadi sindano.

"Rubani, nyoosha. Na wewe, ongeza."

Aliongezewa mpaka juu ya Korogwe, akalala mdomo wazi. Hedwiga akachungulia kibuyu: kimeshuka hadi kiunoni. Akaitazama wiski: bado ipo, tena ya kutosha. Mfa maji haachi kutapatapa. Akaimiminia kibuyuni polepole mpaka shingoni, akaziba.

Jioni Mzee Nathanaeli alikagua kibuyu, akaridhika, akapiga funda moja. Machozi yakamlengalenga. Tumainieli akashika vifungo vya koti.

"Miwa hii mmeikata wapi?"

"Kwetu milimani, Baba," Hedwiga alijibu.

"Nimeondoka huko siku nyingi. Kumbe udongo umezidi nguvu." Akanywa tena. "Binti nimetoa. Ila siku ya harusi nataka pipa zima, la hii hii."

Hedwiga alimgeukia kaka yake, akamnong'oneza, "Kaka, itabidi tumwalike na Memsabu."