Tangu Ile Barua ya Daktari

Kwenye karakana yetu ya kushona sare za shule, jina lako unaliacha getini. Unaitwa kwa kazi yako: Vifungo, Pasi, Mifuko. Mimi miaka kumi na moja niliitwa Mkasi, maana ndimi niliyekuwa nakata, na mkataji akikosea, wote mmekosea.

Mwaka juzi nikaugua. Daktari akasema ni sonona, ile huzuni isiyoisha, nikalazwa wiki tatu, nikapona, nikarudi kazini na barua yake mkononi. Bosi akasoma aya ya kwanza kwa sauti mbele ya wote, eti waniombee. Mkasi akaishia hapo. Nikawa Mgonjwa.

Jamani, nimechoka! Nikicheka, "Leo Mgonjwa kaamka vizuri." Nikinyamaza, wananong'ona. Jino likiuma, sonona. Nikimkemea Pasi kwa kuunguza kola, hakuna anayeitazama kola, wananitazama mimi.

Sasa bosi akaleta majora ya pamba, kitambaa kipya, kwa sare mia mbili. Nikalowesha kipande, nikakianika, nikakipima. Kilikuwa kimepungua vidole viwili.

"Bosi, kitambaa hiki kinarudi. Tukiloweke kwanza ndipo nikate."

"Shule zinafunguliwa Jumatatu. Kata."

"Watoto watavaa mara moja tu, kikifuliwa basi!"

"Nimesema kata."

Nikaweka mkasi mezani. "Sikati." Ndiyo, nilipaza sauti. Nani asingepaza?

Bosi akanishika bega kama ananibembeleza nilale. "Umemeza dawa leo?"

"Dawa inahusu nini na pamba?"

"Mnaona anavyofoka?" akawaambia wenzangu, kisha akampigia simu kaka yangu.

Kaka akaja mbio, jasho linamtoka. Nikamwonyesha kile kipande na futi. Wala hakukitazama. Alitazama mikono yangu, kama inatetemeka. "Twende nyumbani dada yangu, usijichoshe," akasema, na mimi nikafuata, maana ningebisha ningewapa ushahidi mwingine. Nyuma yangu mkasi akapewa Mifuko, shoga yangu tunayekula naye sahani moja.

Kesho yake nilirudi kazini. Sare zote zilikuwa zimeshakatwa.

Haikupita hata wiki mbili, mwalimu mkuu akaingia na mfuko. Akatoa kaptura iliyobaki kama ya mtoto wa chekechea, na shati lisilofunga kifuani. Nilikuwa nimesimama hatua tatu tu kutoka kwa bosi nilipomsikia akisema, "Utusamehe, mwalimu. Mkataji wetu ana matatizo ya akili. Tulimbakiza kazini kwa huruma tu."

"Mimi?" nikapiga kelele. "Mimi nilikataa kukata! Muulizeni Mifuko!"

Mifuko, sitamnyima haki yake, akasimama. "Kweli, mwalimu. Nilikata mimi."

Bosi akatabasamu. "Unaona wanavyompenda? Hadi makosa wanambebea."

Ukisema kweli ni ugonjwa, akikusemea mwenzako ni huruma. Unatokea wapi hapo?

Mwalimu mkuu ni mtu mwema, na wema wake ndio ulionimaliza. Alinitazama macho yamemjaa machozi. "Pole sana, mwanangu. Bosi, mpumzisheni huyu." Nikapumzishwa siku hiyohiyo, hadi daktari aseme nimepona. Daktari alishasema! Iko kwenye ileile barua, aya ya pili. Hakuna aliyefika huko.

Siku ya nne ya kupumzishwa, mchana, simu ikaita. Mifuko, ananong'ona.

"Shoga, tumeletewa majora mengine, tunarudia sare zote. Hiki kitambaa kinalowekwaje?"

"Muulize bosi wako, mwenye akili timamu," nikamwambia, nikakata simu.

Nikakaa. Nikawafikiria wale watoto wakivuta mashati yashuke mbele ya wenzao. Hawajanikosea kitu. Nikampigia, huku namlaani.

"Maji baridi, usiku kucha. Usikamue. Anika kivulini, kipige pasi kabla hakijakauka kabisa, ndipo upime. Umesikia?"

"Nimesikia. Mungu akubariki."

"Usiniombee, nimeombewa ya kutosha. Mwambie bosi ni mimi niliyekuelekeza."

Nilisikia cherehani zikikimbia, kisha sauti ya bosi, karibu kabisa: "Unaongea na nani saa za kazi?"

"Na mama, bosi," Mifuko akajibu. "Anauliza nitarudi saa ngapi."