Nafasi Nyuma ya Jiko

Mimi ni Mmalawi, na nyumba ya Msalato tuliinunua kwa jina la mke wangu, maana mgeni hamiliki ardhi. Wakili wetu alikagua hati, mipaka, hata bomba la maji. Rundo la mawe nyuma ya jiko hakulitaja. Nikadhani ni msingi wa banda.

Jana alikuja bibi kizee, mama wa aliyetuuzia, na wajukuu zake.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Pale kwenye mawe nilimzika mume wangu. Usijenge pembeni yake, hapo ndipo pangu."

Nikampigia wakili, nikamuuliza kwa hasira mbona hakunitajia.

"Kaburi la nyumbani hilo, kaka! Huku nani asiyejua?"

Nilipogeuka, wajukuu walikuwa wanashusha godoro. Bibi alikohoa weee, kisha akaniuliza atalala chumba gani.