Laddu Wakati wa Matangazo

Siku ya sehemu ya mwisho ya tamthilia ya *Chumba cha Juu*, mtaa mzima wa Nazimabad, mjini Karachi, ulipika mapema. Wenye maduka walivuta milango nusu. Mshonaji wa ghorofa ya chini aliacha kanzu ya mteja haijatiwa mikono akapanda zake nyumbani. Hata Bwana Naseer, ambaye tangu majira ya joto alikuwa akiapa kwamba tamthilia ni mambo ya wanawake, alishakalia kiti kinachoitazama televisheni sawasawa, na rimoti alikuwa nayo yeye.

Binti yake, Sumbul, alikuwa na furaha mbili kwa mpigo. Leo ingejulikana kama Mahjabin wa kwenye tamthilia atabaki na mumewe au atafungasha virago. Furaha ya pili ilikuwa njiani, inakuja kwa gari pamoja na mama yake. Jina lake Zohaib. Walikuwa wamekutana mgahawani mara moja tu, baba akiwa meza ya jirani anajifanya kusoma gazeti, na walicheka mpaka mhudumu akawaletea bili bila kuitwa. Leo mama yake Zohaib, Bi Tahseen, alikuwa anakuja kumlisha laddu. Mama wa kijana akishamtia binti donge hilo tamu mdomoni kwa mkono wake mwenyewe, mbele ya wazazi, neno limekwisha. Kinachobaki ni kupanga tarehe na kugombania idadi ya wageni.

Sumbul alipanga vikombe kwenye kitoroli cha chai huku akiuimba wimbo wa tamthilia. Mama yake, Bi Rifat, akachungulia jikoni.

"Umemeza?"

"Nimemeza, mama. Si ulikuwa umenisimamia?"

"Mbona unaimba?"

Hapo ndipo palipokuwa na shida. Miaka michache nyuma Sumbul alikesha wiki nzima bila lepe la usingizi, akaagiza vitambaa vya mapazia vya kutosha mtaa mzima, akawaeleza wazazi wake kwamba amechaguliwa kuipaka Karachi yote rangi ya waridi. Akapelekwa hospitali. Daktari aliutaja ugonjwa kwa jina, akampa dawa, na dawa zikamkubali. Akarudi shuleni kufundisha watoto kuchora, na yale hayakurudi tena. Lakini tangu siku hiyo Sumbul hakuruhusiwa kufurahi. Akicheka kwa sauti, umemeza? Akinunua viatu, umemeza? Watu wengine wakifurahi hupewa hongera.

Na jambo lenyewe lilifungiwa ndani ya nyumba ile. "Hawa watu wasisikie," Bi Rifat alikuwa ameshasema mara nyingi. "Ukiolewa utatulia. Mtoto wa kwanza akija, hata jina la dawa utalisahau."

"Na Zohaib akivikuta vidonge?"

"Utamwambia ni vya kuongeza damu."

Sumbul hakuitaka ndoa ya vidonge vya kuongeza damu. Alimtaka yule kijana, na alimtaka akijua. Alikuwa ameamua kusema leo, kabla ya laddu, ila hakujua atautoa wapi ujasiri huo. Alipotembeza kitoroli sebuleni, wageni walikuwa wameshafika.

Bi Tahseen alikuwa mwanamke mnene mwenye sauti ya kuitia watu sokoni. Alimkumbatia Sumbul, akamsifu kwa kukonda, akamlaumu kwa kukonda, kisha akakaa akiwa ameshageuza shingo kwenye televisheni. Zohaib, mrefu na mpole, alikaa pembeni, akamwinulia Sumbul nyusi mara moja. Sumbul akataka kucheka, akajizuia.

"Tumlishe kabisa kabla haijaanza," Bi Rifat alisema, akilisukuma sanduku la laddu mezani.

"Dada yangu, ndiyo hiyo inaanza. Mkono utanitetemeka, nimtie laddu puani. Tuone kwanza."

"Shh," alisema Bwana Naseer, ambaye eti hakuwa akiangalia.

Kisa cha Mahjabin kilijulikana na kila mtu mjini. Aliolewa kwenye nyumba kubwa, na usiku wa harusi akamkuta bwana harusi anabishana na watu wasioonekana. Mama mkwe alikuwa anajua siku zote. Alificha, akiamini mke atamponya. Tangu hapo mama mkwe yule alikuwa akilaaniwa katika kila sebule ya Karachi, na hakuna aliyemlaani vizuri kama Bi Rifat.

"Mtazame macho yake makavu," alisema sasa. "Unamchukua mtoto wa watu unamtia gizani, halafu unakunywa chai."

"Ningekuwa mimi, ningemvuta nywele," alisema Bi Tahseen.

"Na mimi ningekushikia mkoba."

Sumbul alimgeukia mama yake, akidhani ataona angalau aibu ndogo. Hakuona kitu. Bi Rifat alikuwa analia machozi ya kweli, ya huruma, kwa ajili ya Mahjabin. Bwana Naseer peke yake aliinamisha uso akaanza kuikagua rimoti.

Mahjabin alifunga sanduku lake. Akaanza kushuka ngazi. Mama mkwe akamsimamia mlangoni, muziki ukapanda, na papo hapo yakaingia matangazo ya sabuni.

"Wanatuua hawa," Bi Tahseen alisema akipangusa macho. "Haya, tusipoteze nafasi. Sumbul, mwanangu, njoo. Fungua mdomo."

Alikuwa ameshalichukua laddu. Lilinukia samli na iliki. Bi Rifat alisimama na simu tayari kupiga picha. Sumbul aliona mkono ule ukija. Akarudi nyuma hatua moja.

"Anti, subiri kidogo. Kuna jambo hujaambiwa."

"Sumbul," mama yake akasema kwa sauti ndogo. "Umemeza?"

"Ndilo jambo lenyewe, mama." Akamgeukia Bi Tahseen. "Nameza dawa kila siku. Niliwahi kuugua akili, nikalazwa. Nilikuwa na furaha isiyo na breki, halafu nikaanguka kwenye huzuni isiyo na sakafu. Sasa nimetulia, ila dawa sitaziacha, hata nikiolewa, na ugonjwa unaweza kurudi siku moja. Nilitaka ujue kabla sijafungua mdomo."

Kwenye televisheni mtoto alikuwa anafurahia sabuni. Laddu lilibaki hewani. Ni Zohaib aliyeanza kusema.

"Ndiyo maana ulimaliza jagi zima la maji siku ile mgahawani?"

"Dawa inatia kiu."

"Mimi nikamlaumu mpishi kwa chumvi," alisema taratibu. "Nilimlalamikia mpaka jikoni."

Sumbul alicheka kabla hajajua kwamba anacheka. Bi Tahseen alilirudisha laddu kwenye sanduku, akafunika. Bi Rifat akaiweka simu chini, akakaa.

"Matangazo yamekwisha," alisema Bwana Naseer.

Wakatazama, kwa sababu hakuna aliyejua la kufanya zaidi ya kutazama. Mlangoni, mama mkwe alikuwa analia. Mahjabin alimngoja machozi yaishe, kisha akamwambia: "Ungeniambia, pengine ningeolewa naye hivyo hivyo. Hukuniachia nafasi ya kumchagua." Akatoka na sanduku lake. Majina ya waigizaji yakapanda, na jengo zima likapiga kelele ghorofa hadi ghorofa.

Bi Tahseen alipenga kamasi.

"Bi Rifat. Ungeniambia."

"Ningekuambia ungekuja?" Bi Rifat alisema. Kisha akajishika mdomo. "Ya Rabi. Yule mama nimemtukana wiki baada ya wiki."

"Umemtukana vizuri sana," Bi Tahseen alikiri. Akamgeukia Sumbul. "Leo sikulishi, mwanangu. Naogopa, sikufichi. Nataka nikae na daktari wako nimuulize maswali yangu yote ya kijinga. Baada ya hapo ndipo nitajua. Siahidi kitu."

"Mimi naahidi kuja kwa daktari," alisema Zohaib. "Kama Sumbul ataniruhusu."

"Alhamisi," alisema Sumbul. "Jioni. Na uje na maji yako."

Walipoondoka, alingoja huzuni imfike. Haikufika. Kilichomjaa kifuani kilikuwa kingine, kikubwa na chepesi, na miguu ikampeleka mbio hadi roshani. Majirani wote walikuwa nje wanabishana kama Mahjabin amefanya sawa. Chini, Zohaib alikuwa anamfungulia mama yake mlango wa gari. Akaangalia juu. Sumbul alimpungia mikono yote miwili, akacheka kwa sauti, kicheko cha kusikika mpaka kwa mshonaji, na hakujali.

Kisha akasikia kandambili nyuma yake. Mama yake alikuwa amesimama mlangoni na sanduku la laddu, macho mekundu, akimtazama jinsi anavyocheka. Midomo ikamfunguka. Sumbul alilijua neno linalokuja, akashika ukingo wa roshani kwa nguvu.

Bi Rifat alilimeza neno lile. Ilimchukua muda.

"Sogea," alisema mwishowe, akasimama kando yake, akatoa laddu moja, akalivunja katikati. "Na mimi nione unachokifurahia."