Kupokea Lindo

"Uongeze upana kidogo," mdogo wa fundi cherehani alisema, akiupima mkanda kwa vidole. "Ukiwa mwembamba utamkata ngozi."

Fundi alirudisha kitambaa chini ya sindano, akakanyaga cherehani. Mkanda wa kumfungia mumewe kitandani alikuwa anaushona kwa pamba laini, tabaka mbili, na pindo kaligeuzia nje lisimkwaruze. Nguo ya mteja hakuwahi kuishona kwa uangalifu namna ile.

"Si dhambi, dada. Lisilo budi hutendwa."

"Hebu ninyamazie."

Chumba cha pili mumewe alikuwa anakoroma. Mchana kweupe! Maisha yake yote ya kazi alikuwa mlinzi wa usiku. Akirudi asubuhi huvua koti, hujitupa kitandani, na mlio wa cherehani ndio uliombembeleza. Alipostaafu akajifunza kulala usiku kama binadamu wengine. Kisha maradhi ya kusahau yakaja. Yakamfutia majina ya watoto, yakamfutia njia ya chooni, lakini zamu ya usiku, ng'o, hiyo yakamrudishia. Giza likiingia tu yuko macho: anazunguka nyumba na tochi, anatikisa milango, anamdai mkewe kitambulisho. Juzi alitoka nje, akaponea chupuchupu kugongwa na lori.

Muuguzi wa zahanati alisema asiachwe alale mchana. Rahisi kusema! Fundi akisimamisha cherehani akae anamwamsha mzee, watakula nini? Na yeye mwenyewe usingizi ulikuwa umemlemea hata haoni. Asubuhi ile alishona mikono yote miwili ya gauni la watu upande mmoja. Mwenye gauni alicheka kwanza, kisha akakunja kitambaa chake akaondoka. Fundi akabaki peke yake, na akajisikia anaomba, kwa sauti kabisa, mumewe afe. Hapo ndipo alipomwita mdogo wake.

Mdogo mtu aliaga. Jua likazama. Kukoroma kukakoma.

Mumewe akatoka chumbani na lile koti lake la kazi, kubwa, vifungo vilishang'oka vyote. Akammulika fundi usoni.

"Nani hapo?"

"Mimi, mkeo. Njoo ulale, baba."

"Mke wangu yumo ndani. Wewe unatafuta nini hapa?"

Mkanda ulikuwa mfukoni. Fundi alimshika kiwiko amvute kitandani. Mzee akajichomoa, akainua tochi ampige nayo. Mkono ukabaki juu. Ndipo fundi alipoyaona yale macho, mekundu, yamevimba. Jamani, na yeye alikuwa hoi! Lakini mlinzi gani huacha lindo kabla mwenzake hajafika?

Fundi akasimama wima.

"Nimekuja kukupokea zamu."

Tochi ikashuka taratibu.

"Umechelewa."

"Nisamehe, mkuu. Usafiri."

"Kila siku usafiri! Kwani wenzako wanapaa?"

Alivua koti akamvika. Likawa linampwaya na kufunguka mbele. Fundi akautoa mkanda mfukoni, akajifunga nao kiunoni. Mzee akaukagua, akaukaza kidogo, akaridhika.

"Kuna tukio lolote, mkuu?"

"Hakuna." Mzee akasogea, akashusha sauti. "Ila sikiliza. Mke wangu hajalala siku nyingi. Sijui ana nini, maskini. Namlinda mpaka nimechoka. Asije mtu akamgongea. Na wewe usisinzie, nikikukuta umekaa nakufukuzisha kazi."

"Sawa, mkuu," fundi alisema.

Mzee akamkabidhi tochi, akaingia chumbani, akapanda kitandani. Usiku! Mwenyewe, bila kuvutwa! Fundi alisimama mlangoni akisikiliza pumzi zake zikitulia. Alitaka kucheka, akajikuta analia. Akarudi nyuma akipapasa, akakipata kiti cha cherehani, akakaa.

Kiti kikalia.

"Mlinzi!"

"Nipo!"

Aliruka akasimama mlangoni, tochi kifuani. Mumewe akaguna, akageukia mlangoni, akafumba macho. Nyuma yake, upande wa ukutani, alikuwa amemwachia mkewe nafasi, na shuka amelifunua pembe.