Nyumba Iliyorukwa kwenye Ratiba

Waliohudhuria: Mwalimu Abel, mwenyekiti wa jumuiya, Bwana Damasi, makamu wake, Mama Felista, kiongozi wa nyimbo, na Bibi Pelajia, mwanajumuiya mkongwe kuliko wote. Upendo, binti wa marehemu, aliombwa asubiri barazani. Mahali: sebuleni kwa mwenyekiti, Bigwa. Saa: nne na robo asubuhi, Jumamosi. Ajenda: marehemu Rehani azikwe na Kanisa, au asizikwe.

Mwalimu Abel aliyaandika hayo kwa mwandiko wake ulionyooka, kisha akainuka kwenda dirishani. Mawingu yalikwisha kuifunika milima hadi mabegani. Maziko yalipangwa saa nane, lakini Paroko alikuwa amesema wazi: asipoiona barua ya jumuiya kufikia saa sita, angepanda zake Kinole kwa misa za huko. Mwalimu akarudi kuketi. Hata kiti hakijapata joto, akainuka tena.

"Mwalimu, kaa basi, unanizungusha kichwa," alisema Bibi Pelajia.

"Jambo lenyewe ni jepesi," alisema Damasi. "Miaka sita hakusali nasi hata Jumamosi moja. Hakumzika mtu. Leo tukimwandikia barua, kesho nani atahudhuria? Watu watasema, wewe kaa kwako, ukifa Damasi atakubeba."

"Damasi gani huyo wa kubeba mtu?" alidakia Bibi Pelajia. "Ndoo ya maji yenyewe inakushinda."

Mama Felista hakucheka. "Alinitukana mbele ya wakwe zangu, siku ya posa ya binti yangu. Amelewa, amesimama mlangoni, anamtaja marehemu mama yangu. Leo nimwimbie? Na wewe, Mwalimu, umesahau lile shati?"

Hakulisahau. Siku alipokwenda na daftari la mahudhurio kumuuliza Rehani sababu ya utoro, alifukuzwa kwa mpini wa jembe hadi barabarani, shati limechanika mgongoni, wanafunzi wake wakitazama. Tangu siku hiyo kila Jumamosi aliandika "hayupo" mbele ya jina lile, na mkono wake haukuwahi kusita.

"Binti aingie," alisema Bibi Pelajia. "Hatuwezi kumzika mtu kwa kusoma daftari."

Upendo aliingia, kanga imefungwa kiunoni. "Shikamooni."

"Marahaba."

"Baba alikuwa mlevi, sitawadanganya. Mama Felista, alikukosea. Nilikuwepo, niliona aibu. Nina swali moja tu, maana amekufa akiliuliza. Ile Jumamosi, mwezi mmoja baada ya mama kufa, kwa nini hamkuja?"

"Jumamosi ipi?" aliuliza Mwalimu.

"Ya zamu yetu. Baba alifagia uwanja mwenyewe. Aliazima viti kwa jirani, Bwana Abdulatif. Akakoroga uji ukaungua, maana hakuwahi kupika. Tukakaa hadi jua likawa utosini. Hakuja mtu. Jioni akavirudisha viti kimoja kimoja, amevibeba kichwani."

Mwalimu Abel alilifuata kabati. Madaftari yake yalipangwa kwa miaka, kila moja limevalishwa jalada la kaki. Akalichomoa la mwaka ule, akafunua ratiba ya kusali nyumba kwa nyumba. Jina la Rehani lilikuwa limekatwa kwa mstari mwekundu, uliopigwa kwa rula. Pembeni, kwa mwandiko wake mwenyewe: "Mfiwa. Apumzishwe."

Akakumbuka. Aliona si vizuri kuulemea mji usio na mwanamke wa kupokea wageni. Alikusudia kumweleza Rehani baada ya misa. Jumapili ile akaitwa kusafiri kwenda kusimamia mitihani ya Jumatatu, na jambo likampita. Jumamosi ya zamu, watu wakaenda kusali kwa Damasi. Rehani hakuonekana, naye akamwandika hayupo.

Hakuna mwingine aliyeuona ukurasa ule. Kidole chake kilikuwa tayari kwenye jalada. Angeweza kulifunga.

"Hodi!" Alikuwa Abdulatif, yule jirani wa viti, suruali imejaa udongo mwekundu. "Mwalimu, samahani. Kaburi limefika kifuani na mvua hiyo inakuja. Sisi tumeshamchimbia mwenzetu. Sasa hata sala mnataka tuwasaidie?"

"Subiri kidogo, Bwana Abdulatif. Tusali."

Wakaanza Baba Yetu. Walipofika kwenye maneno ya kusameheana, sauti ya Mwalimu ilikatika. Wenzake wakaendelea bila yeye hadi mwisho. Alipofumbua macho, akalilaza daftari mezani, limefunuliwa.

"Someni. Mimi ndiye niliyemruka, nikasahau kumwambia. Kisha nikamhesabia utoro."

Damasi alisoma, akakohoa. "Ulisahau tu, Mwalimu. Ni ubinadamu. Pombe alijichagulia mwenyewe."

"Umenisamehe upesi, Damasi. Hata dakika haijaisha. Yeye tumemnyima neno hilohilo miaka sita."



"Na tusi langu?" aliuliza Mama Felista. "Nalo lifutwe kwa rula?"

"Silifuti, Mama. Alikukosea hasa, nami sikuombi useme hakukukosea."

"Sitaimba."

"Usiimbe."

Mama Felista alifungua kanga yake, akaifunga upya. "Nitakuja. Kuimba, tutaona huko huko."

Bibi Pelajia alikwisha kumsogezea Mwalimu kalamu. Barua ilikuwa na mistari minne, na kwa mara ya kwanza mwandiko wake ulipinda. Wote wanne wakatia sahihi. Damasi akawa wa mwisho. Saa ya ukutani ilionyesha tano na nusu.

Mwalimu Abel akatoka barazani, walikosimama Abdulatif na majirani wenye majembe. Upendo akamfuata, ameshika fremu ya mlango.

"Ndugu majirani, jumuiya imekaa na imeamua. Marehemu Rehani ni mwenzetu, na leo saa nane atazikwa na Kanisa. Barua naipeleka mwenyewe kwa Paroko, sasa hivi. Na Jumamosi ijayo zamu ya kusali ni ya nyumba yake. Upendo, viti usiazime. Tutakuja navyo, tumevibeba kichwani."