Mashine ya Mteremkoni

Kofi lilimpata Regina dukani, mbele ya watu, akiwa ameinama kutazama magurudumu ya mashine ya kukatia majani. Halikuwa kofi la kuonya. Lilimvua kilemba, likampigisha goti kwenye sakafu ya saruji, na sikio la kushoto likaanza kulia kama nzi aliyenaswa ndani ya chupa. Alipoinua macho aliona kwanza viatu vya kaka yake, kisha mkono wake, ambao ulikuwa bado haujashuka.

"Nimesema tunachukua hii nyekundu," Leodgar alisema. "Mimi nasema, wewe unasema. Tutasikilizana saa ngapi?"

"Mzee, hapa ni dukani," alisema Feliksi, muuzaji, mtu mzima mwenye kitambi aliyekuwa akiwaeleza habari za mashine.

"Na wewe unataka la kwako?"

Feliksi alirudi nyuma ya kaunta. Wateja wawili waliokuwa wakichagua majembe waligeuka ukutani, wakaanza kusoma makopo ya rangi kana kwamba walikuwa wamefuata rangi.

Regina aliokota kilemba chake, akakifunga upya taratibu. Hakushangaa. Leodgar alikuwa na mkono mwepesi tangu ujana, na yeye ndiye aliyeufahamu kuliko wote. Akiwa msichana aliwahi kuvunjwa mkono kwa sababu ya ndoo ya maji iliyomwagika. Baba yao, ambaye naye alipiga, alisema tu kwamba mfupa wa mtoto huunga haraka. Aliolewa Kasulu mapema, akaendesha mgahawa huko, akamzika mumewe huko, na ndipo aliporudi Bangwe, mjini Kigoma, kwenye kiwanja walichoachiwa na baba, yeye na kaka yake, kwa majina yao wote wawili.

Kiwanja kilikuwa kikubwa. Kilianzia barabarani juu, kwenye nyumba, sehemu ya tambarare, kisha kikateremka kwa ukali hadi kwenye mawe ya ziwa. Chote kilikuwa majani. Leodgar aliishi pale miaka yote asione la kufanya nacho. Regina alikitazama wiki moja tu akasema watu wangelipia kufanyia harusi mahali kama hapa, ziwa lote mbele yao na milima ya Kongo kwa mbali, mradi majani yawe mafupi. Wakajaribu kufyeka kwa mkono. Lakini mvua za huku hazina mchezo: fyekeo halijafika chini, juu kumeshaota tena magotini. Ndiyo maana wakaja dukani.

Feliksi alikuwa amewauliza maswali ya maana kabla ya kofi. Ni tambarare au mteremko? Kuna mawe? Nani atakayeisukuma? Alipojibiwa, aliwaonyesha mashine ya kijani, nyembamba kidogo, ambayo magurudumu yake ya nyuma huzungushwa na injini, hivyo inapanda yenyewe na mtu anaiongoza tu. Akawaonyesha pia upau mwembamba, ambao mashine zote mbili zilikuwa nao, unaobanwa pamoja na mpini. Ukiuachia tu, injini inazima na kisu kinasimama. "Mteremko unakatwa kwa kukingama, mama," alisema. "Unakwenda kushoto, unarudi kulia. Usipande nayo wala kushuka nayo moja kwa moja."

Kosa lake lilikuwa hilo: alimwambia Regina, hakumwambia Leodgar. Na kosa la Regina lilikuwa kuinama na kusema, "Basi hii ya kijani ndiyo yetu, kaka. Ile nyekundu ni nzito, tena haijivuti."

Walirudi na ile nyekundu. Ilipakiwa kwenye kirikuu, na Leodgar akakaa nyuma nayo, ameishika mpini njia nzima kama mtu anayeleta ng'ombe wa mahari.

Kwenye tambarare ilifanya kazi vizuri, hilo Regina alilikubali moyoni. Kisu chake kilikuwa kipana na injini ilinguruma mpaka majirani wakatoka kutazama. Leodgar alitembea nyuma yake kifua wazi, na kwa siku kadhaa alikuwa mtu wa kuchekacheka, akala akashiba, akamwita dada yake mama harusi. Lakini ule upau ulimkera. Kila alipotoa mkono kufuta jasho, injini ilizima, na kuiwasha tena ni kuvuta kamba mpaka bega liume. Siku moja Regina alimkuta amechuchumaa na mwanawe Gasper, fundi wa injini za boti pale Kibirizi, wanaufunga ule upau kwenye mpini kwa waya wa kufungia nondo.

"Kaka, huo umewekwa kwa sababu," Regina alisema. "Ukiteleza je?"

Leodgar alisubiri Gasper aondoke. Kisha akaiwasha mashine, akaiacha ingurume mahali pamoja mpaka ikapata moto sawasawa, akamwita Regina aje kushika mpini. Regina alipofika, Leodgar alimkamata kifundo cha mkono, akaukandamiza mkono wake kwenye ekzosi.

Regina alipiga ukelele ambao injini iliumeza. Alimng'ang'ania kwa kucha, akampiga teke la goti, lakini yule mtu alikuwa na mwili wa mpakuzi wa mizigo bandarini, na alimwachia alipotaka mwenyewe. Ngozi ilibaki kwenye bomba, ikinuka.

"Sasa umejua kila kitu kimewekwa kwa sababu," alisema.

Aliyemtibu ni Capitoline, jirani wa upande wa pili wa ua, mwanamke wa Kirundi aliyefika Kigoma na familia yake wakati wa vita na hakurudi. Alimpaka utomvu wa mshubiri, akimpulizia na kulaani kwa Kirundi. Alipomaliza alikaa akimtazama.

"Dada, sisi tulikimbia watu wenye mapanga," alisema. "Tulivuka ziwa na watoto mgongoni. Wewe wa kwako unampikia."

"Nitakwenda wapi? Kiwanja ni changu pia."

"Mimi sijasema uende. Nimesema unampikia."

Harusi ya kwanza ilipokaribia, mteremko ulikuwa bado haujaguswa. Usiku mmoja mvua ilinyesha, na asubuhi majani yaling'aa kwa maji. Regina alikuwa kwenye baraza la jiko akimenya mihogo. Alimwona kaka yake akiiteremsha mashine hadi karibu na mawe, akiwa amevaa kandambili, kisha akaiwasha na kuanza kuisukuma kuja juu, moja kwa moja. Miguu yake ilikuwa ikiteleza hatua baada ya hatua. Aliona yote. Neno lilimfika kooni, akautazama mkono wake uliofungwa kitambaa, akalimeza. Akachukua muhogo mwingine.

Baadaye, kila alipojaribu kulala, alikumbuka kwamba aliumenya ule muhogo mpaka mwisho.

Ukelele ulipotoka haukufanana na sauti ya mtu anayemjua. Aliangusha kisu akakimbia. Leodgar alikuwa ameanguka kifudifudi katikati ya mteremko, na ile mashine ilimrudia ikampanda mguuni, ikapinduka pembeni yake, magurudumu juu, kisu bado kinazunguka kwa sababu upau ulikuwa umefungwa. Nusu ya wayo wa mguu wa kulia haikuwepo. Palipokuwa na vidole palikuwa na nyama iliyochanika, na mfupa mweupe, na damu iliyoruka kwa mapigo. Mwenyewe alikuwa akijaribu kujivuta kutoka kwenye kile kisu kwa viwiko, anateleza, anarudi.

"Regina!" aliita. "Regina wee! Mama yangu! Nakufa!"

Regina alisimama. Alikuwa na khanga kiunoni na mkono mmoja mzima, na alisimama. Hakuwa ameshikwa na bumbuwazi, hilo alilijua yeye peke yake. Akili yake ilikuwa wazi kabisa. Ilimwambia kwamba asipofanya chochote, kitu kile kitafika goti, na kwamba hakuna atakayemuuliza. Kaka yake alimtazama usoni, akaliona wazo lile. Akaacha kupiga kelele. Akaanza kulia kimya kimya, mdomo wazi, kama mtoto anayesubiri fimbo.

Ni uso ule ndio uliomshinda. Haikuwa huruma, hakuweza tu kuendelea kuutazama. Alijizungushia khanga mkononi, akaingiza mkono kwenye injini, akaung'oa waya wa plagi. Umeme ulimpiga hadi begani, mashine ikakohoa, ikanyamaza. Akaichana khanga, akaufunga mguu juu ya kifundo, akapitisha kijiti, akakizungusha kwa nguvu zake zote huku Leodgar akimpiga ngumi za mgongo kwa maumivu. Capitoline alikuja mbio, akamwita Mungu kwa Kirundi, "Mana yanje!" mara moja, kisha akamkalia yule mtu kifuani ili asijitupe.

Kwenye bajaji kichwa cha Leodgar kilikuwa mapajani mwa dada yake. Walipopita kwenye mashimo alimng'ata mkononi, palepale penye kidonda cha moto, na hakuachia mpaka walipofika hospitalini. Madaktari walimkata mguu ule chini ya goti, na ile harusi ikahamishiwa kwingine.

Alirudi nyumbani na magongo, na maneno. Kila aliyekuja kumpa pole aliambiwa kwamba Regina ndiye aliyeufunga ule waya, kwamba alitaka kiwanja. Ndugu walianza kumtazama Regina kwa jicho la pembeni. Siku moja walijaa sebuleni, na Leodgar akayarudia tena, akilia machozi ya kweli. Gasper alikuwa amekaa mlangoni.

"Baba," alisema, "ule waya niliukata mimi kwa koleo langu. Ulinishikia mpini nikafunga. Mbona unamsingizia shangazi?"

Leodgar alimrushia gongo mwanawe, likampasua juu ya jicho. Gasper alijifuta damu kwa kiganja, akaitazama, akatoka. Wageni nao walitoka, mmoja mmoja, bila kuaga.

Nyumba ikabaki na watu wawili. Jioni Regina alimpelekea ugali na dagaa kitandani. Alipoinama kuweka sahani, gongo la pili lilimfikia ubavuni. Alisikia kitu kikilia ndani. Leodgar aliliinua tena, na safari hii Regina alilidaka.

Alilivuta likaja. Akampiga nalo bega. Akampiga paja. Leodgar aliporomoka kitandani pamoja na sahani, akajikunja sakafuni kati ya dagaa, mikono imefunika kichwa. Regina alikuwa amelinyanyua mara ya tatu, na katika kulinyanyua alihisi raha. Raha tamu, yenye joto, iliyopanda kutoka tumboni mpaka kwenye meno. Alitaka kusikia mfupa. Hakuwa amewahi kutaka kitu chochote namna ile.

Bandeji ya mguu ilianza kulowa damu.

Alishusha gongo. Kumbe raha hii ndiyo iliyokuwa ikimtuma baba, akawaza, na ndiyo inayomtuma huyu. Na mimi ninayo.

"Sikiliza, Leodgar," alisema. Hakumwita kaka. "Hatutalala tena chini ya paa moja. Ukininyanyulia mkono siku nyingine, mmoja wetu atazikwa, na sijui kama nitakuwa mimi. Mimi sasa najiogopa. Na wewe uniogope."

Leodgar alijivuta nyuma hadi ukutani, mikono bado kichwani.

Asubuhi Regina alikwenda kwa mtendaji wa mtaa akiwa ameshika ubavu, Capitoline pembeni yake kama shahidi, akasema yote, hata yale aliyoyafanya yeye. Kesi ilizungumzwa na ukoo na serikali ya mtaa kwa muda mrefu, kwa kelele nyingi. Mwisho walikubaliana kwamba Regina abaki na nyumba na mteremko. Leodgar alipewa sehemu ya juu upande wa barabarani, Gasper akamjengea chumba na sebule pale, na ukuta ukapita katikati.

Ubavu ulipounga, Regina alirudi dukani peke yake. Feliksi alimtambua, akaona aibu, akaanza kuomba radhi kwa siku ile. Regina alimkatiza.

"Nionyeshe ya kijani. Iwashe."

Aliijaribu uani, akaisukuma, akaiachia ghafla ikiwa inanguruma. Ilizima papo hapo. Akaiwasha, akaiachia tena. Feliksi alisubiri huku yule mama akiwasha na kuachia, akiwasha na kuachia, mpaka mwenyewe aliporidhika. Kisha akauliza habari za viatu vya kazi, vile vyenye chuma mbele.

Mteremko aliukata kwa kukingama, kushoto na kulia. Ulimchukua siku nzima. Alipofika katikati, mahali damu ilipomwagika, majani yalikuwa yameota sawa na kwingine.

Harusi ya kwanza ilifanyika kiangazi kilipoanza. Muziki ukiwa umepamba moto, Leodgar alikuja kwa magongo, amevaa koti, akakaa kwenye kiti cha plastiki pembezoni mwa wageni. Hakuna aliyemwita, wala aliyemfukuza. Regina alimwona. Alipakua pilau mwenyewe, akatia nyama nzuri, akampelekea. Sahani hakumkabidhi mkononi. Aliiweka kwenye stuli jirani yake, akarudi nyuma hatua kadhaa, hadi mahali ambapo mkono usingemfikia, wala gongo. Akasimama hapo akimtazama mpaka alipoanza kula.