Neno la Jana

Nikishakula mchana usingizi hauniombi ruhusa. Unanikuta kwenye kiti changu, mdomo wazi, unanibeba kama gunia la mahindi, na leo unanitua kwenye barabara nyeusi inayong'aa, naikanyaga, nateleza, natazama vizuri, kumbe si lami, ni buti, buti za askari zimepangwa ncha kwa ncha mpaka macho yanachoka, zimesuguliwa hadi ndani yake kuna mji mzima umesimama kichwa chini, na katika kila buti kuna Wakesho mmoja, ndiye mimi, kikongwe, jino moja, matege yale yale. Nawasalimia wote. Hawaitikii. Wana maringo, kama mimi tu.

Matege ni ya baba, ndiyo mali aliyoniachia. Baba yangu Mghanga alikwenda vita ya Waingereza nikiwa bado tumboni, na bunduki hakupewa, alipewa madebe, awachotee maji walinzi wa mfalme huko jangwani. Mwenzake Mwadime ndiye aliyerudi akamweleza mama: jioni moja walinzi walibadilisha neno la siri la kupitia langoni, wakaambiana wao kwa wao, wachota maji waliokuwa nje wakasahauliwa. Baba akaja na madebe yake yamejaa, akaulizwa neno, akalisema la jana, kwa sauti ya mtu anayefika kwake. Wakampiga risasi. Picha yake hatuna. Sura yake siijui.

Basi naifuata barabara, nayo inajikunja, inanirudisha nilipotoka, na nilipotoka pamehama. Walinzi wamesimama huku na huku, makoti mekundu, kofia za manyoya ndefu kama mizinga ya nyuki, na chini ya kofia hakuna uso, ni laini kama yai lililomenywa. Nyie mnajuanaje, nauliza. Mmoja anatoka mstarini, amekumbatia kifua. Tazama vifungo vya makoti, mama, anasema, hawa vimepangwa kimoja kimoja, wale viwili viwili, kuna vitatu vitatu, vinne vinne, vitano vitano, vikosi vitano lakini vita yetu moja, kiu yetu moja. Na aliyewaletea maji, nauliza, ana vifungo vingapi? Maji, anasema, yalikuja yenyewe. Looh! Nataka kumtemea mate, lakini hana uso, nitamtemea wapi?

Ananipeleka hadi langoni, na nje ya seng'enge wako wachota maji, wengi kama siafu, nao nyuso hawana. Nitamjuaje wangu? Nainama natazama miguu. Miguu, miguu, miguu, halafu hiyo hapo, magoti yamesusiana, mbuzi anapita katikati bila kuinamisha pembe. Baba! Yule mtu anageuka na madebe yake, kichwa kinaelekea miguuni kwangu. Ni wewe Wakesho? Nilimwambia mama yako, akiwa msichana aitwe Wakesho. Pole mwanangu, nilidhani hiyo miguu nimeondoka nayo. Usijali baba, nilipata mume hivyo hivyo, alikuwa haoni vizuri. Anacheka, madebe yanamwagika kidogo. Niingize ndani, anasema, mikono imechoka. Kila siku naja na maji yao, kila siku neno wamelibadilisha.

Namrudia mwenye kukumbatia kifua. Afande, nipe neno la leo. Neno la leo, anajibu, ni lile ambalo halijalala. Usinizungushe, mimi nimezaa saba, nimezungushwa na mabingwa. Anainama, kofia yake inanitekenya sikio, ananong'ona: sukari. Naapa, anasema, kwa chumvi tuliyokula pamoja. Nami, mjanja wa kijiji kizima, namwamini. Namkimbilia baba, sukari, baba, sema sukari, nenda. Anakwenda, kifua mbele, matege yanapiga gwaride. Nani huyo? Rafiki. Neno? Sukari! Walinzi wa vifungo vya kila namna wanaanza kucheka bila midomo, na yule wangu anafumbua mikono, kifuani hana kifungo hata kimoja. Hilo la jana, mama, anasema, kwenu tunatoa la jana tu. Nasema afande, yule si ndiye aliyekunywesha? Ananigeuzia mgongo. Mlio wa risasi. Madebe yanaanguka, maji yananijia yakiwa ya uvuguvugu, nyayo, vifundo, magoti.

Nashtuka kitini, miguu imelowa. Huenda ni mtungi umepasuka, huenda ni uzee, tusichunguze. Mlango umerudishwa, na nje kuna mtu anahema kwa mzigo. Hodi, anasema. Saa hizi mwanangu Mwachofi hurudi kisimani, naye matege anayo, nilimpa mwenyewe. Nachungulia chini ya mlango: nyayo mbili zilizonuniana, na matone ya maji. Sura siioni. Hodi, anasema tena, kwa sauti ya mtu anayefika kwake. Karibu, naita, karibu, karibu, hapa neno hatujalibadilisha, na nauwahi mlango kabla hajaulizwa na mwingine.